Kipilefti cha Majivu

Ukitaka kujifunza gari kwa yule mzee, kitu cha kwanza ulichotakiwa kuleta kilikuwa debe la majivu. Picha za pasipoti zilikuja baadaye. Alitaka majivu ya jikoni, makavu, yasiyo na vipande vya mkaa. La kwangu nililibeba kichwani kutoka Nangwa hadi Katesh asubuhi ya baridi kali, mlima Hanang umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku vidole vyake vimeshaingia kwenye debe kupekua kama kuna mawe.

"Haya ni ya kuni za mti gani, dereva?" aliniuliza.

Sikujua ni ya mti gani, na nilishangaa kuitwa dereva wakati nilikuwa sijawahi hata kushika usukani wa trekta. Nikamjibu kwamba ni majivu tu, Mwalimu.

"Dereva anajua alichobeba," akasema, akaenda kuyamwaga.

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa ualimu hakuusomea popote. Miaka mingi alikuwa ameendesha kombaini kwenye mashamba makubwa ya ngano. Upepo wa mabadiliko ulipovuma, serikali ikaanza kujitoa kwenye kilimo na wafanyakazi wakapunguzwa, wenzake walitoka na mabati, wengine na majembe ya trekta. Yeye alitoka na tairi moja la kombaini, koti la kijani la kazini, na tabia ya kuendesha gari kana kwamba kona iliyo karibu iko mwendo wa nusu saa mbele.

Tairi hilo alililaza katikati ya kiwanja kando ya uwanja wa mnada, akalipaka chokaa. Hapo ndipo majivu yetu yalipokwenda. Kila Jumatatu alihesabu hatua kutoka kwenye tairi, akachora duara la kwanza kwa majivu, kisha la pili nje yake, kisha njia nne za kuingia na kutoka. Upepo wa mlimani ulikuwa ukilifuta kabla ya Ijumaa, na ng'ombe wa mnada walimaliza kilichobaki. Jumatatu analichora upya, na kila likichorwa upya lilikuwa limeongezeka kidogo, kwa sababu hatua zake zilikuwa za mtu aliyezoea mashamba yasiyo na mwisho. Nilipoanza mimi, kile kipilefti kilikuwa kimeshameza nusu ya kiwanja na kilikuwa kinanyemelea choo cha mnada.

Lazima nieleze kwa nini watu wazima walibeba majivu namna hiyo. Ndiyo kwanza soko lilikuwa limefunguliwa. Magari yaliyotumika yalianza kuingia kutoka ng'ambo, na mtu aliyevuna maharage au mbaazi vizuri aliweza kuota pikapu. Kila mtu alitaka leseni. Lakini Manyara ilikuwa bado haijawa mkoa, sisi tulikuwa watu wa mkoa wa Arusha, na mtihani ulifanyika Arusha mjini, na Arusha mjini kulikuwa na kipilefti. Huku kwetu, kuanzia Haydom mpaka Gitting, hakukuwa na hata kimoja. Barabara zetu zilikuwa na leni moja tu, ile isiyo na matope. Watu wa Hanang walijua kuvuka korongo lililojaa maji, watu wa Mbulu walijua kuteremka milima kwa gia ya pili wakati wa masika, wakifika Arusha wanashindwa na duara la mita chache. Walirudi na mabasi, kimya, wamekumbatia mikoba yao.

Kwa hiyo Mwalimu aliamua kutuletea duara nyumbani.

Wiki mbili za kwanza hukuigusa Landrova yake. Ulizunguka kwa miguu. Tulikuwa watu saba au wanane, tunaingia kwenye majivu kila mmoja kutoka njia yake, tumenyoosha mikono kama indiketa. Siku ya mnada watu walijaa kutuangalia. Walicheka mpaka wengine wakaacha mbuzi wao wakatoroka. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, kitenge kiunoni, mkono wa kulia hewani, nalizunguka tairi. Nilisikia mama mmoja akiuliza hili ni kanisa gani jipya.

Mwalimu hakujali kicheko. Alisimama juu ya tairi lake, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, akihubiri.

"Kushoto au moja kwa moja, leni ya kushoto! Kulia au kurudi ulikotoka, leni ya kulia! Uamue kabla hujafika. Anayeamua akiwa ndani ya duara ni sawa na anayechagua mke akiwa madhabahuni."

Na neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa hili: kuingia ni hodi, kutoka ni kwaheri. Ukikata kulia, indiketa ya kulia ni hodi yako. Ukienda moja kwa moja, hodi yako ni kupunguza mwendo na kutazama kulia. Lakini kwaheri ilikuwa ya wote. Ukiipita njia iliyo kabla ya yako, unawasha indiketa ya kushoto, unaaga, unatoka. Mwanafunzi aliyetoka bila kuaga alirudishwa kuzunguka upya hata kama mvua inanyesha. "Turudie," alikuwa akisema, na neno hilo hakulisema kwa hasira hata siku moja. Nadhani nililisikia mara mia.

Indiketa za Landrova yenyewe zilikuwa zimekufa zamani. Ukikata kulia, wewe dereva ulitoa mkono wako nje ya dirisha. Ukitoka kushoto, yeye aliyekaa kiti cha kushoto alitoa wa kwake. "Mimi ndiye indiketa ya kushoto," alikuwa akisema. "Lakini siwaki mpaka uniambie." Kwa hiyo tulilazimika kutamka "Kwaheri, Mwalimu!" ndipo mkono utoke. Ukisahau, alikaa ameukunja mapajani, anakutazama kwa huruma, unatoka kwenye duara kama mwizi.

Alikuwa na mengine ya kuchekesha. Chai aliinywa kavu huku sukari ameiweka kiganjani, anailamba kidogo kidogo, eti sukari ikiingia kwenye kikombe humjui tena mwenye kosa, chai au sukari. Alikuwa hapandi gari bila kulizunguka, na alikuwa hashuki bila kulishukuru kwa kuligonga bodi mara mbili. Akija mwanafunzi mlevi, alimwambia waziwazi kwamba ni mlevi, lakini kwa sauti ya chini ili asimwaibishe, kisha anamfundisha kesho yake.

Na alikuwa na kasoro ambayo ilimchosha sana mke wake. Mtu huyu aliyetufundisha kuaga, mwenyewe alikuwa haagi. Anaweza kuamka, akavaa koti, akaenda Singida siku tatu kutafuta springi ya Landrova, nyumbani wanajua yuko kiwanjani na sisi kiwanjani tunajua yuko nyumbani. Mke wake alikuwa akija mpaka kwenye majivu. "Mwalimu wenu yuko wapi?" anatuuliza, nasi tunatazamana. Akirudi, hasemi alikuwa wapi. Mganga hajigangi.

Sasa niseme la kwangu. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, naishi kwenye boma la baba mkwe, na kazi yangu ilikuwa kufua mashuka kwenye kituo cha afya cha misheni. Maji ya kule ni ya baridi kiasi kwamba vidole vyangu vilikuwa havikunjiki mpaka saa nne. Dereva wa gari la kituo alikuwa anastaafu baada ya mavuno. Sista aliyekuwa mkuu wetu alisema mbele ya watu wote kwamba gari haliangalii sketi wala suruali, linaangalia leseni. Atakayeileta kwanza, kazi ni yake. Vijana wawili waliomba. Nami nikaomba.

Baba mkwe hakufurahi. Hakuwa mtu mbaya, naomba nieleweke. Alikuwa ametulea mimi na wanangu tangu mume wangu afariki, na hakuwahi kuninyima shamba la kulima. Lakini alisema hajaona mwanamke akiwaendesha wanaume, na kwamba nikifeli atakuwa na sababu ya kuniomba nitulie nilime. Nilimjibu, "Sawa, baba." Moyoni nilijua kwamba nikifeli nitafua mashuka mpaka vidole vinikatike.

Nikaenda Arusha kwenye mtihani, na nikafeli. Nitaeleza nilivyofeli kwa sababu mpaka leo wanangu hunitania nalo.

Mtahini alikuwa trafiki mpole mwenye kalamu sikioni. Tulifika kwenye kipilefti cha mnara wa saa. Leni ilikuwa sahihi. Indiketa ya kulia, nilishaiwasha. Nilitazama kulia, nikasubiri, nikaingia. Nilijisikia kama niko kwenye majivu, ila hakuna ng'ombe. Halafu kwenye njia ya kushoto, pikapu kuukuu ilikuwa inasubiri kuingia, na ndani yake alikuwepo mzee. Mvi tupu. Kofia ya sufu, blanketi begani, anafanana kabisa na wazee wa kwetu. Macho yetu yakakutana.

Nikasimama. Katikati ya kipilefti cha Arusha, nikasimama, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo mzee, pita tu."

Honi zilizolia nyuma yangu sijawahi kuzisikia tena. Mzee wa watu alishtuka, akasita, hakujua aende au asiende. Mtahini alitoa kalamu sikioni, akaandika neno moja, akaniambia, "Mama, una adabu sana. Egesha hapo mbele, ushuke."

Nilirudi na basi kama wale wengine, nimekumbatia mkoba.

Mwalimu nilimkuta kiwanjani anachora. Nilimweleza yote. Nilitegemea atanicheka au atanikaripia. Aliniuliza tu, "Alikuwa mzee kiasi gani?"

"Umri wa baba mkwe wangu."

Aliweka debe la majivu chini. Kisha akasema polepole, "Hilo sikulifikiria. Niliwafundisha duara, nikasahau kuwafundisha wazee."

"Wewe ulifanyaje, Mwalimu? Ulipokutana na mzee ndani ya kipilefti?"

Ndipo aliponiambia, na ninajua hakuwa amemwambia mtu mwingine. Hakuwahi kuingia kwenye kipilefti akiendesha gari maishani mwake. Leseni yake aliipata kule kule kwenye ngano; mtahini aliletwa shambani, akamzungusha kilometa chache kwenye mistari ya mavuno, akasaini. Arusha alipita kama abiria. Siku moja alishuka, akasimama kando ya kipilefti tangu asubuhi mpaka jioni na penseli, akiandika nani anawasha, nani hawashi, nani anampisha nani. Jioni akapanda basi kurudi. Yote aliyotufundisha yalitoka kwenye karatasi ile na kwenye kijitabu cha alama za barabarani.

"Kwa nini hukuingia mwenyewe baadaye, na Landrova?"

"Naogopa," akasema. "Nikiingia nikakosea, Jumatatu nitawafundisha nini?"

Nilikasirika. Nakiri kwamba nilikasirika sana, maana niliona mwaka wangu, na vidole vyangu, na kazi yangu vyote vimewekwa juu ya majivu ya mtu asiyejua. Nilimwachia debe lake nikaenda zangu. Nilifika mpaka nusu ya njia ya Nangwa. Halafu nikakumbuka kwamba pale Arusha leni yangu ilikuwa sahihi, na hodi yangu ilikuwa sahihi, na hata mtahini hakuona kosa jingine. Karatasi yake ya penseli haikukosea kitu. Kosa lilikuwa letu sote, tulilozaliwa nalo. Kesho yake nilirudi.

Nilikuta ameshapata dawa. Alizunguka wiki nzima kwenye nyumba za watu, na Jumamosi kiwanja kilijaa wazee. Kweli wazee, si mchezo. Watu kumi na zaidi, blanketi begani, fimbo mkononi, kofia za kila aina. Aliwapanga kwenye njia zote za kushoto za kile kipilefti. Na kwenye njia ya mwisho, ile ninayoikaribia kabla ya kutoka, alikuwa amemsimamisha baba mkwe wangu.

Sijui alimwambia nini mpaka akakubali. Nilipomwona nilizima injini.

"Mwalimu, siwezi," nilimwambia. "Yule ni mkwe wangu. Siwezi kumpita baba mkwe amesimama mimi nimekaa."

"Kwenye kipilefti hakuna mzee wala kijana," alisema. "Mkubwa ni aliye kulia. Wao wakikutazama, wewe uko kulia kwao. Ukisimama unawagonganisha. Kumpita ndiyo heshima. Salamu ni baada ya kutoka. Ingia, dereva."

Mzunguko wa kwanza nilisimama kwa mzee wa kwanza kabisa. Turudie. Wa pili niliwapita wawili, mzee wa tatu akakohoa, nikasimama. Turudie. Wazee walianza kuufurahia mchezo. Mmoja aliinua fimbo, mwingine akajifanya ananionea uchungu. Mmoja akaniita kwa jina la baba yangu mzazi, nikakanyaga breki. Watu wa mnada wamekaa juu ya ukuta wanashangilia. Baba mkwe peke yake hakufanya chochote. Alisimama wima, mikono miwili juu ya fimbo, ananitazama usoni.

Mzunguko wa sita niliwapita wote mpaka nikamfikia yeye. Machozi yalikuwa yananitoka, sisemi uongo. Nilimtazama, sikupunguza mwendo, sikuinamisha kichwa, nikampita. "Kwaheri, Mwalimu!" nikapiga kelele, na mkono wake wa kushoto ukatoka nje ya dirisha kama umefyatuliwa.

Nikaegesha. Nikashuka. Nikawaendea wazee mmoja mmoja, nikapiga goti kwa kila mmoja, shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka nikafika kwake.

"Marahaba," akasema baba mkwe. "Umenipita vizuri."

Mwezi uliofuata nilirudi Arusha na nikafaulu. Mtahini alikuwa yule yule. Tulipotoka kwenye kipilefti aliniuliza kama leo sikuona mzee yeyote. Nikamwambia niliwaona watatu, nitawasalimia baadaye. Wale vijana wawili walioomba kazi walikuwa bado wanazunguka kwenye majivu. Sista alinikabidhi ufunguo mbele ya watu wote, na mashuka ya kituo yakaanza kufuliwa na mtu mwingine. Siku niliyoendesha gari la wagonjwa mara ya kwanza kwenda Haydom, baba mkwe alikaa mbele. Alisema anakwenda kumwona rafiki yake aliyelazwa. Rafiki huyo sikumwona, naye sikumuuliza.

Baadaye Manyara ikawa mkoa, Babati ikawa makao makuu, na mitihani ikahamia huko. Haikuchukua muda mrefu ikafunguliwa shule ya udereva yenye magari mapya, vibao vya njano juu, indiketa zinazowaka zote mbili. Wanafunzi wa Mwalimu walipungua, akabaki na wawili, akabaki na mmoja. Hakulalamika hata siku moja. Jumatatu moja nilipita pale na gari la kituo, nikaona majivu hayajachorwa. Jumatatu iliyofuata pia. Tairi lilikuwepo, Landrova haipo. Nilikwenda nyumbani kwake nikakuta wapangaji wapya. Hakuna aliyeambiwa walikokwenda.

Niseme ukweli, iliniuma. Ningeelewa mtu mwingine kuondoka vile. Lakini yeye, aliyenirudisha kwenye mvua kwa sababu ya kwaheri moja, alitoka bila hata kunyoosha kidole. Miaka ikapita nikiwa na donge hilo. Nilistaafu, nikanunua kigari changu kidogo, wanangu wakakua, na kila nikiingia kwenye kipilefti cha mji wowote nilimsikia amesimama kwenye tairi anapiga kelele.

Nilimkuta Gitting. Nilikwenda kununua viazi, nikasikia trekta shambani, nikaona koti la kijani. Alikuwa amezeeka kweli, lakini mstari wa jembe nyuma yake ulikuwa umenyooka kama uzi. Kumbe alikuwa ameuza Landrova, akachangia na shemeji yake, wakanunua trekta kuukuu, na watu wa pale walimtegemea wote kwa kulima. Nilimsubiri mwisho wa shamba. Alizima injini, akashuka, akaligonga bodi mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dereva." Kana kwamba tuliachana jana.

Sikumwuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza, hata maneno nilikuwa nayo, lakini alitabasamu namna ile nikashindwa. Mke wake alitupa chai, mumewe akamwekea sukari kiganjani bila kuambiwa. Alisema pampu ya maji ya trekta imekufa na kifaa chake kinapatikana Arusha. Nikamwambia nakwenda Arusha Ijumaa, twende.

Ijumaa tulinunua kifaa, tukalala siku mbili kwa mdogo wangu, na Jumapili asubuhi tukaamka mapema kurudi, kabla watu hawajaenda kanisani. Mji ulikuwa mtupu. Nilisimamisha gari mita chache kabla ya kipilefti cha mnara wa saa, nikashuka, nikazunguka, nikamfungulia mlango.

"Hamia huku," nikamwambia.

Alielewa papo hapo. Alitazama mbele kwa muda mrefu, mikono mapajani. "Sasa hivi simfundishi mtu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

"Ndiyo, Mwalimu. Jumatatu huna darasa."

Alilizunguka gari lote kwanza. Kisha akakaa, akafunga mkanda, akasogeza kiti, akarekebisha kioo mpaka nikaanza kuchoka.

"Naenda wapi?"

"Rudi tulikotoka."

Leni ya kulia. Indiketa ya kulia. Alifika mwanzo wa duara, akasimama, akatazama kulia. Kulikuwa na gari moja tu mji mzima, na lilikuwa linakuja kutoka huko huko kulia: kigari chenye kibao cha shule ya udereva, binti mdogo anaendesha, amekaza usukani kwa mikono yote. Binti aliona mvi. Akapunguza mwendo, akasimama katikati, akainamisha kichwa na kumpungia mkono apite.

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mwalimu hakusogea hata kidogo. Alitoa mkono wake nje ya dirisha, akamwashiria binti aendelee. Binti akakataa kwa kichwa. Mwalimu akateremsha kioo mpaka chini.

"Mkubwa ni aliye kulia!" akaita. "Pita, dereva! Utanisalimia baadaye!"

Binti akapita, anacheka. Na Mwalimu akaingia.

Aliendesha taratibu, mwili wote umekaza, macho yameng'aa. Mnara ukatuzunguka, njia ya kwanza, njia ya pili. "Kumbe ni kadogo hivi!" akasema. "Kadogo kuliko ka kwetu!" Alikuwa anacheka kwa sauti alipotoka, akaenda mbele kidogo, akaegesha, akavuta breki ya mkono. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, kwenye baridi ile.

"Sema," akaniambia. "Umeona kosa gani?"

Nilikuwa nimeliona. Ningeweza kunyamaza.

"Umetoka bila kuaga, Mwalimu."

Aliutazama mkono wa indiketa, ule mdogo kando ya usukani, kama ameuona kwa mara ya kwanza. Hakubisha.

"Ni kweli," akasema. "Na Katesh pia."

"Na Katesh pia."

"Niliona aibu, dereva. Kiwanja kimebaki kitupu, nikajisemea watajua wenyewe. Nisamehe."

Nikamwambia yamekwisha. Na yalikuwa yamekwisha. Akawasha gari.

"Turudie," akasema.

Tukarudi mpaka mwanzo. Leni ya kulia, hodi, akatazama kulia, hakuna mtu, akaingia. Safari hii hakukaza mwili. Tulipoipita njia iliyo kabla ya yetu nilisikia indiketa ya kushoto ikianza kulia, tik, tik, tik, mapema na kwa uhakika. Taa ilikuwa nzima, haikuhitaji msaada wowote. Hata hivyo, kwa kuwa safari hii mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto, nilifungua dirisha, nikatoa mkono wangu nje, nikaunyoosha mpaka tulipotoka.